Nimekaa na Kadi za Viambishi vya Kilatini Miezi Mitano

Nilipoanza kazi ya kufasiri nililetewa maelezo ya kopo la dawa ya kuyeyushia rangi. Ubavuni pake palikuwa na neno moja kubwa, jekundu: "inflammable". Kiingereza changu cha darasani kilikuwa kimenifundisha kwamba in- mwanzoni mwa neno ni ya kukanusha. "Incomplete", haijakamilika. "Incorrect", si sahihi. "Invisible", haionekani. Hata kamusi sikufungua. Nikaandika kwa mkono usiotetemeka: "Haishiki moto." Mhariri alinirudishia karatasi bila kusema kitu. Alikuwa amelizungushia neno duara, na pembeni amechora njiti ya kiberiti inayowaka.

Njiti ile bado naiona. Ndiyo iliyofanya, miaka mingi baadaye, nilipokutana na kisanduku cha kadi kinachojinadi kufundisha viambishi awali vya Kilatini katika maneno ya Kiingereza, nikichukue bila kusitasita. Sasa ni miezi mitano. Asubuhi nimekitumia peke yangu kabla ya kazi, kadi tano kila siku. Jioni nimekitumia na mpwa wangu, ambaye yuko sekondari na ana ulimi mkali kuliko wembe. Jina la mchapishaji nitaliacha, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na ya kulalamikia si machache.

Kwanza vitu vya kushikika. Kadi ni 108, ukubwa wa karata za kuchezea, pamoja na sita tupu za kujiandikia mwenyewe. Mbele kuna kiambishi kwa herufi nono, nyuma kuna maana yake, maneno matano au sita ya mfano, na mstari mmoja wa asili ya kila neno. Kuna kijitabu cha kurasa nane ambacho hakina lolote ambalo kadi hazisemi. Karatasi ni nzito, wino haufutiki kwa jasho la vidole, ila kifuniko cha kisanduku kilichanika kona wiki ya pili na sasa nakifunga kwa mpira. Basi, hayo yametosha.

Kadi niliyoitafuta siku ya kwanza mnaijua. Hapo niliwakuta waandaaji wako macho: in- imepewa kadi mbili, si moja. Ya kwanza ni in- ya kukanusha, ile niliyoijua. Ya pili ni in- ya "ndani", "kuingia": "include", "inhale", "invade". Na kwenye hiyo ya pili, mstari wa mwisho, limekaa lile neno langu. Kilatini kilikuwa na kitenzi inflammare, kuwasha moto, kutia kitu ndani ya miali. Kwa hiyo "inflammable" ni kitu kinachoweza kuwashwa, na "flammable" maana yake ni hiyohiyo. Kadi inaeleza pia jambo ambalo lingeniokoa na aibu: katika miaka ya 1920 shirika la Marekani la kujikinga na moto, National Fire Protection Association, lilianza kuwahimiza watu watumie "flammable" na kuachana na "inflammable", kwa hofu kwamba msomaji angedhani in- inakanusha. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Kumbe niliyofanya mimi kwa ujinga, wataalamu wa moto walikuwa wamelitabiri kabla sijazaliwa.

Nikimsomea mpwa wangu kadi hizo mbili aliuliza swali ambalo kisanduku hakikujiandaa nalo: "Sasa Mjomba, nitajuaje ni ipi?" Kadi haisemi. Jibu la kweli ni kwamba hakuna dalili ya nje. Unalijua neno au hulijui. Na kuna kundi la tatu linalozidi kuchanganya. "Invaluable" ina in- ya kukanusha kabisa, lakini haimaanishi kisicho na thamani. Ni kitu ambacho thamani yake haikadiriki kwa ukubwa wake. Sisi tungesema hakithaminiki, na hata kwetu neno hilo linaweza kupanda au kushuka kutegemea sauti ya msemaji. "Invaluable" haimo kisandukuni. Nilitoa kadi tupu ya kwanza nikaiandika.

Sasa niende kwenye kilichonifanya nisikirudishe kisanduku hiki dukani.

Kadi ya ad- inasema maana yake ni "kuelekea", "kwenye". Chini ya ad- wamepanga, kama vifaranga nyuma ya kuku, ac-, af-, ag-, al-, an-, ap-, ar-, as- na at-. Zote hizo ni ad- ileile. Ukiiweka mbele ya c, d inageuka c: "accuse". Mbele ya f inakuwa f: "affirm". "Aggression" ni ad- na kitenzi cha kupiga hatua, yaani kumwendea mtu kwa hatua. "Announce", "appear", "assist", "attract", zote zimebeba ad- tumboni. "Arrive" ndiyo iliyonipendeza kuliko zote: ad- na ripa, ukingo wa maji. Kufika, kwa asili yake, ni kugusa ufuko. Neno hilo lilizaliwa na watu wa mashua, na leo linatumika kwa ndege bila mtu kuona ajabu.

Msemaji wa Kiswahili hapaswi kuogopa mambo haya, maana tunayafanya kila siku bila kujua. Ubao, mbao. Ubavu, mbavu. Ulimi, ndimi. Kiambishi cha wingi hapo ni n-, lakini mbele ya b kinajikunja kuwa m-, kwa sababu midomo inayojiandaa kutamka b imeshafumba. Nyumba nzuri, nyumba mbaya, nyumba ndefu: n ni ileile, nguo ndiyo inabadilishwa. Walimu wa isimu huliita jambo hili usilimisho, na wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau siku inayofuata. Warumi walikuwa na midomo kama yetu. In- mbele ya p ikawa im-, ndiyo "impossible", kwa sababu ileile iliyotupa mbavu. Tofauti inajitokeza mbele ya l na r. Hapo n ya Kiswahili ni mkaidi: yenyewe inabaki, na l au r ndizo zinazosalimu amri na kugeuka d, tukapata ndimi na ndefu. N ya Kilatini ni mpole, inajiyeyusha kabisa ndani ya jirani yake: "illegal", "irregular". Nililitambua hili nikiwa nimeshika kadi mbili mkononi na chai inapoa, na nikaona nimelipwa.

Faida yake ni ya mezani kabisa, si ya kujionyesha. Kwa miaka nimekuwa naandika "accommodate" kwa namna tatu tofauti kwa siku moja. C ngapi? M ngapi? Kadi inalichana neno: ad- iliyogeuka ac-, halafu com-, "pamoja", halafu modus, "kipimo". Ac-com-mod. Kila kiambishi kimeleta herufi yake ya kujirudia, kwa hiyo c mbili na m mbili, na hakuna ubishi. Tangu siku hiyo sijalikosea. Vivyo hivyo "innocuous" na "inoculate", jozi iliyonitesa kwenye ripoti za afya. La kwanza lina n mbili kwa sababu ni in- ya kukanusha mbele ya mzizi unaoanza na n, ule wa kudhuru: kisichodhuru. La pili lina n moja, kwa kuwa ni in- ya "ndani" mbele ya oculus, jicho. Jicho gani tena? Warumi waliliita chipukizi la mmea jicho, na neno hilo lilihusu kupandikiza chipukizi la mti mmoja kwenye mwingine kabla halijaenda hospitali. "Expect" nayo ilikuwa exspectare, kuchungulia nje, s ikamezwa na x iliyokwishaibeba. Mtu anayesahihisha prufu kwa ajili ya riziki yake atakiona kisanduku hiki kimerudisha gharama kwa kadi hizo tu.

Sub- nayo imetendewa haki. Maana ni "chini", na sura zake ni suc-, suf-, sug-, sup-, sus-. "Support" ni kubeba kutokea chini. "Suffer" ni sub- na ferre, kubeba: mtu anayeteseka ni mtu aliye chini ya mzigo. "Suspect" ni kutazama kutokea chini, na nani hajawahi kutazamwa hivyo na mlinzi wa getini?

Huyo ferre ananileta kwenye lawama ya kwanza. Kitenzi hicho kiko kwenye kadi ya "suffer", kiko kwenye ya "offer", ya "differ", ya "confer", ya "prefer", ya "transfer", na hakuna kadi hata moja inayomwambia msomaji kwamba ni mtu yuleyule anayebadili kofia. Zaidi ya hayo, "translate" imeachwa peke yake kona ya kadi ya trans-, na maelezo yake ni "kubeba kuvuka", basi. Hawakusema kwamba "transfer" na "translate" ni kitenzi kimoja, kwa sababu ferre ni kitenzi kigeugeu: sura yake ya wakati uliopita ni latus. Kuhamisha na kufasiri ni tendo moja lililokatwa mara mbili. Mimi ambaye kazi yangu yote ni hiyo ningependa kuambiwa na waliouza kadi. Nimelazimika kulichimba mwenyewe kwenye kamusi.

Kasoro hii ya kutenga ndugu inaonekana vibaya zaidi kwenye neno grex, kundi la mifugo. "Congregate" ipo kwenye kadi ya con-. "Segregate" ipo kwenye se-, kiambishi cha kutenga. "Aggregate" ipo kwenye ad-. "Egregious" ipo kwenye ex-. Kadi nne, zimetawanyika kisandukuni, hazijuani. Jumapili moja nilizipanga mezani mstari mmoja na mpwa wangu akaziona: kukusanyika kundini, kutolewa kundini, kuongezwa kundini, na kusimama nje ya kundi. Hapo ndipo viambishi vinapoonyesha kazi yao, mzizi ukiwa umetulia na vyenyewe vikimzunguka kama wachunga. Hiyo ya nne ina hadithi yake. "Egregious" ilipoingia Kiingereza ilikuwa sifa njema, mtu aliyejitokeza miongoni mwa wenzake kwa ubora. Watu wakaitumia kwa kejeli hadi kejeli ikameza sifa, na leo ni kosa la kupindukia. Kadi inatoa maana ya leo tu.

Lawama ya pili ni nzito zaidi: kisanduku kinapenda mno alama ya sawasawa. Re- = tena. De- = chini. Pre- = kabla. Ukiamini hivyo utafanya vizuri kwenye "rewrite" na "prepay", halafu utaanguka kwenye maneno yenyewe yanayotumika. Mpwa wangu alijaribu "receive" kwa kanuni ya kadi na akapata "kuchukua tena". Akanitazama. Ukweli ni kwamba re- ya Kilatini ilikuwa zaidi "kurudi nyuma" kuliko "tena", na mara nyingi katika kitenzi cha zamani imebaki kama chumvi, inaongeza ladha lakini huwezi kuichomoa. Sisi nasi tunacho ki-. Ki- ya kitoto, ki- ya kiti, ki- ya Kiswahili, ki- ya kijeshi: ukimwambia mgeni kwamba ki- ni ya udogo tu, atadhani Kiswahili ni uswahili mdogo.

Kinachoniuma ni kwamba "reveal" ipo kwenye kadi hiyohiyo ya re- na wameipita kama mtu anayepita msiba wa jirani. Ni re- na velum, pazia: kurudisha pazia nyuma. Sisi tunasema funika na funua, na kutoka funua tukapata ufunuo. Wao wanaweka kigeuzi mwanzoni mwa neno, sisi tunakiweka baada ya mzizi, kile kijisauti u cha funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. "Discover" ni vilevile, dis- na kufunika. Mtu aliyekuwa na lugha yetu kichwani angeifundisha dis- kwa dakika moja: ni u yetu ya kutendua, imehamia mlangoni.

Lawama ya tatu, na hii ni kosa kabisa, si suala la kupenda au kutopenda. Kwenye kadi ya re-, mfano wa nne ni "republic". Hapana. "Republic" ni res publica, jambo la umma. Re- hiyo si kiambishi hata kidogo, ni mabaki ya neno zima, res, "jambo", lilelile lililozaa "real". Nilidhani ni kuteleza kwa mchapaji. Lakini kadi ya ad- nayo imeweka "admiral" na kueleza kwamba ni mtu "anayestahili kutazamwa". Hapo nilisimama. "Admiral" ni Kiarabu: amir, kiongozi, neno lilelile tulilolichukua sisi tukapata amiri, kama katika Amiri Jeshi Mkuu. Kiarabu hakina d hapo, na Kiswahili hakina d. Iliingizwa Ulaya na waandishi waliozoea maneno ya Kilatini yanayoanza na adm-, wakadhani hili nalo ni la ukoo wao na limepoteza herufi njiani. "Advance" ilipata ajali hiyohiyo. Ilitoka Kifaransa bila d, na asili yake ni ab- na ante. Wasomi wa Kiingereza wakaipachika d kwa kudhani a- ya mwanzo ni ad- iliyochakaa. Yaani d katika "advance" ni sahihisho lililokosea, na limesimama karne nyingi bila mtu wa kulifuta. Msahihishaji prufu ndani yangu hulala vizuri zaidi tangu alipojua hilo.

Tusiwacheke lakini. Sisi tulipolipokea kitab la Kiarabu tuliona ki- mbele yake, na bila kuuliza mtu tukasema kitabu, vitabu. Ki- ile haikuwa kiambishi, ilikuwa sehemu ya mzizi. "Club" ya Kiingereza ikawa kilabu, wingi vilabu. Kila lugha inamvalisha mgeni sare ya nyumbani. Tofauti ni kwamba kisanduku cha kufundishia asili ya maneno kinatakiwa kumjua mgeni hata akiwa amevaa sare.

Kuna pia Wagiriki waliojipenyeza. Kisanduku kinasema Kilatini, lakini nimehesabu kadi saba za Kigiriki ndani yake: anti-, hyper-, hypo-, peri-, syn-, tele-, auto-. Ningevumilia kama wangesema. Badala yake wameweka anti- karibu na ante- na kuziita "ndugu", na hapo ndipo mwanafunzi anapozama. Ante- ni Kilatini, "kabla" au "mbele ya". Ndiyo iliyomo kwenye a.m., ante meridiem, kabla ya adhuhuri, kama vile p.m. ilivyo post meridiem. Anti- ya "antibody" ni Kigiriki, "dhidi ya". Herufi moja inatenganisha kutangulia na kupinga. Kingekuwa na manufaa zaidi kama kingeweka jozi za kweli za lugha hizo mbili bega kwa bega: super- na hyper-, sub- na hypo-, circum- na peri-, con- na syn-. Na kingekiri kwamba Kiingereza hakijali ndoa za mchanganyiko. "Television" ni tele- ya Kigiriki na kuona kwa Kilatini. "Bicycle" ni bi- ya Kilatini iliyopanda duara la Kigiriki.

Bi- yenyewe, kwa wanaotaka kujua, ni kadi iliyoandikwa kwa unyoofu. Inakiri kwamba "biweekly" yaweza kuwa mara mbili kwa wiki au mara moja kila wiki mbili, na inashauri usiitumie. Nakubaliana. Mkataba wenye neno hilo huwa narudisha kwa mwenyewe na swali.

Jambo moja ambalo halimo kabisa, na kwangu ni pengo kubwa kuliko Wagiriki: un-. Najua, si ya Kilatini, ni ya Kiingereza chenyewe cha kale. Lakini mtu anayejifunza in- atauliza tu kwa nini "unhappy" na si "inhappy". Na lipo la kushangaza ambalo lingestahili kadi nzima: Kiingereza husema "unable" lakini "inability", "unequal" lakini "inequality", "unjust" lakini "injustice", "unstable" lakini "instability". Kivumishi kimevaa un- ya nyumbani, nomino yake imevaa in- ya Kirumi. Nimeitumia kadi tupu ya pili kwa hilo, na wakati wa kuandika naitazama kuliko zote 108.

Baada ya kusema yote hayo, kuna kadi ambazo singempa mtu. Kadi ya de- ina "delirium": de- na lira, mstari unaochimbwa na plau. Mtu anayeweweseka ni mkulima aliyetoka nje ya mstari. Kadi ya com- ina "companion", yule mnayekula naye mkate. Kadi ya pre- ina "precocious", iliyopikwa kabla ya wakati, na sasa kila mtoto wa jirani anayejibu wakubwa kama mzee namwona kama chakula kilichoepuliwa mapema. Kadi ya in- ya kukanusha ina "infant", asiyesema, na "enemy", ambayo imefunika nyayo zake vizuri: ilikuwa inimicus, asiye rafiki, Kifaransa kikaisugua hadi in- ikawa en- na hakuna anayeitambua. Na ipo "preposterous", ambayo imebeba "kabla" na "baada" katika neno moja, pre- na posterus, ya nyuma imewekwa mbele. Mkokoteni unaomvuta punda. Wamelieleza kwa mistari miwili tu, na kwa mara moja ufupi wao ulitosha.

Nani akinunue? Mfasiri, mhariri, mwalimu wa Kiingereza, mwanafunzi wa udaktari au sheria ambaye kila siku anagongana na maneno marefu. Usimpe anayeanza Kiingereza, kitamharibu; atakariri alama za sawasawa na kwenda kuandika "haishiki moto" kwenye kopo la mtu. Na uwe na kamusi nzuri ya asili za maneno pembeni, ya kukikagua. Mimi nimetoa kadi ya "admiral" na ya "republic" nikazikata pembe moja, ili vidole vijue hata macho yakiwa yamechoka.

Kati ya nyota tano nakipa tatu. Kadi za ad- na sub- zilikuwa zinavuta kuelekea nne, "republic" ikazirudisha.

Mpwa wangu yeye amekigeuza kuwa mchezo. Mmoja anataja neno la Kiingereza, mwingine anasema kama mwanzo wake ni kiambishi au ni uongo. Alinipiga kwa "pretty", ambayo haina pre- yoyote, na mimi nikampiga kwa "December", ambayo haina de-, ni decem tu, kumi, kutoka enzi ambazo mwaka wa Warumi ulianza Machi. Wiki iliyopita alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mjomba, 'uncle'. Wewe ni un- ya nini?"

Kadi haikuwepo, tukafungua kamusi pamoja. Avunculus, kaka au mdogo wa kiume wa mama. Neno lenyewe ni udogo wa avus, babu, kibabu, basi. Ndugu wa baba alikuwa na jina lake jingine kabisa, patruus. La upande wa mama ndilo lililofika kwa Waingereza kupitia Kifaransa, na njiani likatanuka likameza baba wakubwa na baba wadogo wote.

"Kwa hiyo Warumi walikuwa na mjomba."

"Walikuwa naye."

Akachukua kadi tupu ya tatu, akaandika "uncle" mbele kwa herufi nono kama zao. Nyuma akaandika: "Hakuna kiambishi. Ni Mjomba tu." Akaichomeka kati ya ultra- na ile ya un- niliyoiandika mimi, akafunga kisanduku kwa mpira.